Nimeshaweka sahihi, lakini moyo haujakubali

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu zangu. Nimeisoma safu hii kwa miaka mingi na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nami nitashika kalamu. Nina umri wa miaka 61. Nilifundisha hisabati kwa miaka 34, sasa nimestaafu. Nina mke, watoto watatu na wajukuu wawili.

Mwaka jana niliinama kufunga kamba za viatu nikasikia kitu kimekatika mgongoni, kama kijiti kikavu. Nikaambiwa ni umri. Nilimeza dawa za maumivu miezi mitatu mizima. Walipokuja kunipima wakakuta damu imepungua, figo zimeanza kuchoka na pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Ndipo nilipolisikia neno mailoma kwa mara ya kwanza. Daktari alinieleza kwamba ni saratani ya chembe zinazokaa ndani ya uboho wa mifupa, zile ambazo kazi yake ni kuutengenezea mwili kinga, na kwamba zangu zimeacha kazi na kuzaana ovyo.

Nikaanza tiba ya dawa tatu: sindano ya tumboni kila wiki, vidonge, na deksamethasoni iliyoninyima usingizi hadi nikawa napanga upya madaftari yangu saa tisa za usiku. Baada ya miezi minne ile protini mbaya inayotolewa na chembe hizo kwenye damu ilikuwa imeshuka mpaka karibu haionekani. Maumivu yakaisha. Leo napanda ngazi bila kushika ukuta, na jioni namfundisha mjukuu wangu sehemu na desimali. Daktari anasema mailoma yangu si ya kundi la hatari kubwa, na kwamba nimeitikia dawa vizuri sana.

Mwezi uliopita nilidungwa sindano za kuamsha seli shina, zile zinazozaa chembe za damu, siku kadhaa mfululizo, mifupa ya nyonga ikawa inaniuma kama inavutwa. Kisha nikalazwa kando ya mashine siku mbili, damu inatoka mkono huu inarudi mkono ule. Wakakusanya seli milioni 8 kwa kila kilo ya uzito wangu. Zimegandishwa. Wanasema zinatosha kupandikizwa mara mbili.

Bado wiki tatu nilazwe. Nitapewa melfalani, dawa ya kemo, dozi kubwa, halafu nirudishiwe seli zangu.

Siku ya maelezo tulikuwa watu watano katika chumba kidogo: daktari, mke wangu, binti yangu mkubwa, mdogo wangu na mimi. Daktari alisema dawa hiyo itaufuta uboho wangu, na kwamba bila seli zilizohifadhiwa ningekaa muda mrefu sana bila kinga, pengine nisirudi. Binti yangu alikuwa anaandika kila neno. Mke wangu alikuwa amenishika goti. Karatasi ikasogezwa mbele yangu, kalamu juu yake. Nikaweka sahihi. Mkono wangu ulifanya kile ambacho watu wanne walikuwa wanakisubiri.

Tangu siku hiyo silali. Nilipougua sana ningekubali lolote, hata wangeniambia nimeze mkaa wa moto. Lakini sasa ni mzima, mshauri. Naombwa niingie wodini kwa miguu yangu ili nifanywe mgonjwa. Kuna mwenzangu tuliyekuwa tunakaa viti vya karibu siku za sindano. Alitangulia kupandikizwa. Nilimwona siku ya ishirini baada ya kurudishiwa seli, amekonda, kichwa hakina unywele, sauti imekauka. Aliniambia maneno machache tu: "Wakikuambia ni wiki mbili, usiamini."

Nimesoma kwamba siku hizi wapo wanaoendelea na dawa tu na kuziacha seli zao kwenye barafu mpaka ugonjwa urudi. Nilipomgusia binti yangu, alisimama akaenda dirishani. Akasema bila kunigeukia: "Baba, ukiahirisha unatuacha." Yeye ndiye aliyenihangaikia tangu siku ya kwanza. Ameomba likizo kazini, amepanga zamu za ndugu. Sikumjibu.

Mke wangu hasemi kitu. Ila ameshafungasha begi. Liko nyuma ya mlango wa chumba chetu, nami nalikuta hapo kila asubuhi.

Je, ni ubinafsi kuogopa dawa ambayo wengine wanaitafuta hawaipati? Nitamwambiaje daktari kwamba sahihi ile niliiweka lakini sikuwa nimekubali? Na nikienda nikafa kwa dawa nikiwa mzima, nitakuwa nimemfanyia nani?

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu

JIBU LA MSHAURI

Mwalimu wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili usiku na mara moja tena asubuhi, na kila mara nilikuwa narudi kwenye ile kalamu iliyowekwa juu ya karatasi. Pole kwa mgongo, pole kwa miezi ile ya kuambiwa ni umri, na pole zaidi kwa huu upweke wa kukaa kati ya watu wanaokupenda huku hakuna hata mmoja unayeweza kumwambia unaogopa. Asante kwa kuniamini na jambo hili.

Nikikuelewa vizuri, unauliza kama uende au usiende. Lakini ndani ya barua nimeona maswali yaliyofungwa kamba moja: kama melfalani ina faida kwa mtu aliye katika hali yako, kama unaitaka sasa hivi, na nani alikuwa ameshika mkono wako siku ile ya sahihi. Ukiyajibu yote kwa neno moja, ndiyo au hapana, lazima mojawapo litaumia. Naomba tuyafungue taratibu. Mimi si daktari, na hapa sitakuamulia.

Nianze na neno lenyewe, kupandikiza, kwa kuwa linapotosha wengi. Mtu akilisikia hudhani seli ndizo dawa, kama vile zitaingia mwilini zikapigane na ugonjwa. Seli zako hazitibu mailoma. Kinachopiga ugonjwa ni melfalani, na seli zipo ili wewe upone kutoka kwa melfalani. Dawa hii si ngeni. Mwaka 1983 madaktari wa Uingereza katika hospitali ya Royal Marsden, Tim McElwain na Ray Powles, walichapisha habari za wagonjwa wachache waliowapa melfalani kwa kiwango kikubwa, miligramu 140 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, bila kuwarudishia seli zozote. Kwa baadhi yao ugonjwa ulitoweka usionekane kwenye vipimo, jambo ambalo wakati huo lilikuwa kama ndoto. Lakini uboho ulichukua wiki nyingi kuamka, na katika wiki hizo mtu hana kinga. Seli zilizogandishwa zilikuja baadaye kulifupisha hilo bonde. Ndiyo maana leo dozi ya kawaida imefika miligramu 200 kwa mita mraba na watu wengi wanavuka salama.

Nakueleza hivi kwa sababu ile sentensi ya daktari, kwamba dawa itaufuta uboho wako, ni ya kweli lakini imekufikia bila nusu yake ya pili. Melfalani huingia kwa dripu kwa muda usiozidi saa moja hivi, na baada ya saa chache imekwisha kuondoka kwenye damu. Ndiyo maana wanangoja angalau siku nzima ndipo wakurudishie seli, zisije zikaikuta ikiwa bado inazunguka. Siku chache za kwanza unaweza kujiona uko sawa ukashangaa. Kisha chembe za damu zinaanguka. Hapo ndipo kinywa hupata vidonda, tumbo huharisha, homa huja na dawa za viuavijasumu huanzishwa bila kusubiri, na nywele hudondoka. Kwa wengi chembe nyeupe huanza kupanda kati ya siku ya 10 na ya 14 baada ya kurudishiwa seli. Kuhusu kinywa, kuna jambo dogo ambalo ningependa ulijue mapema: wauguzi watakupa vipande vya barafu unyonye kabla ya dripu, wakati inaingia, na baada yake. Baridi hubana mishipa midogo ya kinywani, dawa ikafika kidogo. Ni tiba rahisi kuliko zote wodini, na inawaokoa watu na vidonda vinavyowafanya washindwe hata kumeza mate. Wengi huchoka njiani wakatema barafu. Ukienda, usiteme.

Sasa kuhusu mwenzako. Alichokuambia ni kweli, nami sitamkanusha. Wiki mbili ni za chembe za damu kurudi. Nguvu za mtu hurudi kwa miezi, mara nyingi mitatu, wengine sita, wengine zaidi. Anayeambiwa wiki mbili bila kuambiwa hili amedanganywa, hata kama kwa nia njema. Lakini Mwalimu, ulimwona siku ya ishirini. Ulimwona bado yuko bondeni. Je, umemtafuta tena tangu wakati huo? Ningependa umwone leo, umuulize kitu ambacho daktari hawezi kukujibu: analalaje, anasoma kurasa ngapi kabla akili haijachoka, na kama angerudishwa nyuma angefanya nini. Akikujibu vibaya, utakuwa umejua. Akikujibu vizuri, pia. Kwa sasa umebeba picha moja tu, na umeipiga katika siku yake mbaya.

Nikugusie na hili la kuwa mzima. Naliheshimu sana. Ni jambo zito kumwomba mtu aliyerudishiwa mwili wake auingize tena motoni, na anayekuambia hofu hiyo ni ya kitoto hajawahi kulala na pingili iliyobonyea. Ila nikuulize, uzima huu umetoka wapi? Umeletwa na dawa zile tatu, na bado unashikiliwa nazo. Protini isipoonekana haina maana kwamba chembe zimekwisha. Ina maana kwamba kipimo kimefika mwisho wa uwezo wake wa kuona. Mailoma, kwa watu wengi sana, hurudi. Na hapa kuna jambo nadhani binti yako hajaambiwa, au ameambiwa akashindwa kulipokea: hata melfalani kwa kawaida haiimalizi. Inachonunua ni muda. Pengine yeye anaamini anakupeleka kupona, na wewe unaamini anakupeleka kuugua. Mnagombana juu ya safari ambayo hamjaambiana inaishia wapi.

Muda kiasi gani? Wewe ni mtu wa hesabu, nitakupa hesabu zenyewe. Zamani swali hili lilikuwa jepesi. Mwaka 1996 Wafaransa walichapisha utafiti wao: baada ya miaka mitano, waliopandikizwa walikuwa hai 52 katika kila 100, na waliopewa kemo ya kawaida ya wakati ule walikuwa hai 12. Kwa tofauti kama hiyo nani angesita? Lakini kemo ya wakati ule siyo dawa uliyopewa wewe. Mwaka 2022 Marekani walichapisha utafiti wa watu 722 wa hadi miaka 65 waliotumia dawa tatu za aina kama unazotumia. Nusu walipandikizwa mapema, nusu waliendelea na dawa huku seli zao zimehifadhiwa, na pande zote mbili ziliendelea na vidonge baadaye kwa muda mrefu. Kwa waliopandikizwa, namba ya kati (median) ya muda wa kukaa bila ugonjwa kusonga mbele ilikuwa miezi 67 na nusu. Kwa wengine miezi 46. Takriban miezi 21 ya tofauti. Lakini kwa habari ya kuwa hai, baada ya miaka mitano pande zote zilikuwa karibu sawa, takriban 80 katika kila 100.

Na gharama yake ilikuwepo. Madhara makali yalikuwa mengi zaidi kwa waliopandikizwa. Leukemia kali ya mailoidi na ugonjwa wa uboho unaoweza kuitangulia, ambazo dawa ya namna hii inaweza kuzileta miaka ya baadaye, ziliwapata watu 10 upande wa kupandikizwa na hakuna hata mmoja upande wa pili. Vifo vilivyosababishwa na tiba yenyewe vilikuwa vichache, kwa waliopandikizwa kati ya mmoja na wawili katika kila 100. Ubora wa maisha ulishuka kipindi cha kupandikizwa, kisha ukapanda tena.

Wewe unajua kuliko mimi maana ya namba ya kati. Nusu ya watu wako upande huu wa namba, nusu upande ule, na hakuna anayejua utasimama wapi. Huwezi kuishi ndani ya wastani.

Kwa hiyo swali lako la mwisho, kwamba ukifa kwa dawa ukiwa mzima utakuwa umemfanyia nani, lina nguvu, lakini linatazama mlango mmoja. Mlango wa pili nao una hatari yake, isipokuwa inakuja polepole na haina tarehe. Ukiahirisha, unaweza kukaa miaka vizuri, ukawa umeziokoa wiki hizi na miezi ile ya uchovu. Au ugonjwa ukarudi ukiwa na miaka 65, au figo zikiwa zimechoka zaidi, au pingili nyingine ikiwa imevunjika, na ile nafasi ya kupandikizwa uliyoiweka akiba ikawa haipo tena. Katika utafiti huo wa Marekani, kati ya wale waliokuwa upande wa dawa tu na baadaye wakahitaji tiba nyingine, ni takriban 28 katika kila 100 waliofika kwenye kupandikizwa. Ufaransa, katika utafiti mwingine uliochapishwa 2017, walifika wengi zaidi, karibu 80 katika kila 100 ya wale ambao ugonjwa uliwarudia. Tofauti hiyo inanifundisha kwamba akiba ina maana pale tu panapokuwa na mpango na mtu wa kuufuatilia. Kuahirisha kwa mpango, daktari akijua, vipimo vikiendelea kila mwezi, ni njia inayotembewa. Kutoonekana tu siku ya kulazwa, ukazima na simu, ni jambo lingine kabisa, na naomba sana usilifanye hata usiku ukiwa mrefu kiasi gani.

Labda umesikia pia habari za mwaka 2025 kutoka Ufaransa, kwamba kwa wagonjwa ambao kipimo cha uboho kilikuwa hakioni kitu hata baada ya kutafuta kwa umakini mkubwa, kupandikiza hakukuwaongezea usafi wa uboho kuliko kuendelea na dawa. Ni habari ya kutia moyo. Lakini wale walianza na dawa nne, kilichopimwa ni uboho, na urefu wa maisha yao bado unahitaji miaka mingi kuonekana. Usiikatalie tiba kwa utafiti ambao huenda haukuhusu. Muulize daktari kama uboho wako umepimwa kwa namna hiyo, na ulionyesha nini.

Tena kuna njia ya katikati ambayo hukuitaja. Uliandika kwamba figo zilikuwa zimeanza kuchoka. Melfalani kwa mtu mwenye figo dhaifu, au mwenye umri mkubwa, mara nyingi hupunguzwa kutoka 200 hadi 140. Dozi yako ni ipi? Imepigwa kwa kreatinini, kile kipimo cha damu cha kazi ya figo, ya lini? Hili ni swali la haki kabisa na sioni kama liliulizwa siku ile mkiwa watano chumbani.

Nije sasa kwenye sahihi, kwa sababu nadhani ndiyo inayokunyima usingizi kuliko hata dawa. Mwalimu, ridhaa ya tiba haifungi mtu. Unaweza kuiondoa kesho, unaweza kuiondoa ukiwa umevaa nguo za wodini, unaweza kuiondoa dripu ikiwa imetundikwa na haijafunguliwa. Lakini dawa ikishaingia, hapo hakuna tena kurudi nyuma. Seli lazima zifuate, maana ni hatari kubwa kubaki bila uboho. Nakuambia hili waziwazi ili ujue mlango unafungwa wapi. Haukufungwa siku ya kalamu. Bado una wiki tatu, na daktari anaweza kukuambia kama kuna wiki nyingine zaidi zinazoweza kupatikana bila kukudhuru, huku ukiendelea na dawa. Kuomba wiki nne za kufikiri na kukataa tiba ni vitu viwili tofauti.

Unaniuliza umwambieje. Jaribu hivi: "Daktari, nilisaini kabla sijaelewa. Naomba tuanze upya, mimi na wewe." Wala usimwombe msamaha. Daktari aliyezoea kazi hii ameyasikia maneno hayo mara nyingi, na anayekasirika kwa kuyasikia amekupa habari nyingine unayoihitaji. Nenda na mke wako tu, au peke yako. Ukifika, usimuulize kama tiba ni nzuri, maana atakujibu kwa ajili ya wagonjwa wote. Muulize: mimi, mwenye figo hizi, mgongo huu, aina hii ya mailoma, nikiahirisha napoteza nini hasa, na nikienda napoteza nini? Kisha muulize angepanga vipi iwapo utaahirisha: vidonge gani, vipimo kila baada ya muda gani, seli zitahifadhiwa kwa miaka mingapi, na ni dalili gani itakayowafanya waseme sasa ni wakati. Akiwa na majibu, kuahirisha ni mpango. Akikosa majibu, fikiri tena.

Umeuliza kama ni ubinafsi kuogopa kitu ambacho wengine wanakitafuta. Nililisoma swali hilo nikaweka barua chini kidogo. Wapo kweli wasioipata, na uchungu wao ni mkubwa. Lakini hawatapona kwa wewe kumeza hofu yako. Mwili utakaolala kitandani wiki hizo ni wako peke yako, na kichwa kitakachoamka kikiwa kizito ni kile kile unachomfundishia mjukuu. Unaogopa hicho, sivyo? Hukukiandika, lakini ulikitaja kando ya ngazi kana kwamba ni kitu kidogo. Wengi husimulia ukungu wa akili kwa miezi kadhaa: kusoma ukurasa ukaanza tena, kutafuta neno. Kwa wengi hupungua. Sema hofu hiyo kwa daktari kwa jina lake. Tena mjue mapema nyumbani kwamba ukienda, kinga zako za chanjo za utotoni zitakuwa zimefifia na utachanjwa upya kuanzia miezi ya baadaye, kwa hiyo mjukuu mwenye mafua atasubiri mlangoni kwanza. Ni bora watoto waelezwe kabla, wasidhani babu amewakataa.

Kuhusu binti yako. Alisimama akaenda dirishani kwa sababu hakutaka umwone uso. Aliyesema "unatuacha" ni mtoto anayeogopa kuachwa, na ratiba zote zile za zamu na likizo ni namna yake ya kushika kitu kisidondoke. Sidhani kwamba anakulazimisha. Nadhani hana kitu kingine cha kufanya na hofu yake. Ukimkalia kimya atazidi kupanga. Mwambie namba nilizokupa, umwambie na wewe unachokiogopa, kwa sauti, hata kama itakatika. Mpe kazi ya kukuandikia maswali badala ya majibu. Huenda akalia, huenda akakasirika siku mbili. Hilo linabebeka. Lisilobebeka ni kuingia wodini ukiwa umembebea yeye dawa mwilini mwako, halafu jambo likaenda vibaya, naye akaishi akijua kwamba hukutaka. Na vilevile ukiahirisha kimyakimya na ugonjwa ukarudi haraka, ataishi na swali hilo hilo kwa upande wa pili. Anahitaji kujua kwamba uamuzi, wowote utakaokuwa, ulitoka kwako.

Sikuambii uende. Sikuambii usiende. Nimewahi kusikia kutoka kwa watu wa njia zote mbili, na waliotulia hawakuwa wote wa upande mmoja. Walichofanana ni kwamba walijua walichokuwa wanakinunua na walichokuwa wanakilipa. Kwako miezi 21 inaweza kuwa kitu kikubwa sana, au inaweza kuwa si kitu cha kuutolea mwaka huu. Inategemea una nini cha kufanya mwaka huu, na hilo halimo kwenye faili lako. Jioni moja, kabla ya kwenda kwa daktari, liandike kwenye karatasi.

Limebaki begi. Mwenzako wa maisha hasemi kitu, lakini alikaa chini akafikiri utahitaji nini usiku wa pili, usiku wa saba, usiku ambao kinywa kitauma na huwezi kuongea, akaviweka kimoja kimoja. Hiyo ni barua ndefu, na hujaifungua. Inawezekana amefungasha kwa sababu anataka uende. Inawezekana amefungasha kwa sababu mikono yake ilikosa pa kwenda, na yeye pia halali. Leo usiku, watoto wakishaondoka, lichukue pale nyuma ya mlango, liweke kitandani, mfungue zipu pamoja, umuombe akuonyeshe alichoweka.